Njugu Ndani ya Santuri ya Mama

Nilikuwa nimekula njugu kama nusu hivi ndipo nikaona kidole gumba cha mama yangu.

Ilikuwa siku ya tatu tangu nitoke hospitali, na nilikuwa sebuleni kwa ndugu yangu mkubwa, huko Seme, mbele kidogo ya Kombewa. Mke wake aliniwekea chai ya maziwa na kibakuli cheusi kilichojaa njugu za kukaanga. Kibakuli chenyewe kilikuwa kidogo, kingo zimekunjwakunjwa kama ua. Sikukitazama sana. Mtu aliyekunywa uji wa wadi miezi mitano hatazami chombo, anatazama kilichomo. Nikala. Njugu zikapungua, na pale chini kukatokea karatasi ya manjano ya mviringo, imeandikwa, ina tundu katikati lililozibwa na nta ya mshumaa. Juu ya maandishi kulikuwa na alama ya wino wa zambarau, alama ya kidole.

Nilikijua kidole kile. Mama hakujua kuandika. Siku alipopewa santuri yake alichovya kidole gumba katika wino wa dukani na kukigandamiza pale katikati, ili wenzake wasije wakasema ni yao. Hiyo ndiyo ilikuwa santuri ya mwisho yenye sauti yake, na yeye tulikuwa tumeshamzika. Sasa nilikuwa nakula njugu humo.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Kibakuli," shemeji akasema, anatabasamu. "Kina mama wa kanisa tulifundishwa. Unaweka santuri juu ya sufuria iliyogeuzwa, unapasha moto, inalegea, unaikunja unavyotaka. Si inatoka vizuri?"

"Naona ni santuri. Nauliza ni santuri gani."

Shemeji akamtazama mume wake. Ndugu yangu alikuwa amekaa mbele yangu, upande wa pili wa meza. Akanyoosha mkono, akachota njugu kutoka kile kibakuli, akatia mdomoni, akatafuna bila haraka.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "umetoka kaburini juzi tu, unaanza na vyombo vya watu?"

Wanaochapa haya wameniambia nisitaje watu. Sawa. Jina sitaji, kwa sababu jina la baba ni letu sote na watoto wa mwenye kosa hawajanikosea. Lakini mwenye kosa namtaja kwa kila kitu kingine. Ni ndugu yangu mkubwa, tumetoka tumbo moja. Ni yule anayesimama mbele kila Jumapili kusoma matangazo ya kanisa, miwani imeshuka puani, karatasi ameishika mbali. Wanaomjua wameshamjua. Na kama unasoma hapa, nasema ni wewe.

Nirudi nyuma, ili mtu asiyetujua aelewe kwa nini kibakuli kimoja kinanikosesha amani mpaka nimeota mvi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mfagiaji katika duka la santuri Kisumu. Shule niliachia darasa la tano. Sioni haya kusema hivyo, ndugu yangu ndiye aliyeendelea, mimi nikashika ufagio. Duka lilikuwa mbele, na nyuma kulikuwa na chumba kimebandikwa trei za mayai ukutani mpaka darini, humo ndimo watu walirekodiwa. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga, na kunyamaza taa nyekundu ikiwaka. Santuri iliyopinda au kukwaruzwa njiani mwenye duka alinipa. Ndivyo nilivyoanza.

Nilipenda aina mbili tu. Ya kwanza ni nyimbo za kwetu za zamani, za nyatiti ya nyuzi nane, orutu ya uzi mmoja na kodiani ya kuvuta, zile santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Ya pili ni kantri, zile kubwa za kutoka Amerika, jaladani kuna mtu mwenye kofia na gitaa amesimama karibu na uzio. Kizungu changu kiliishia kwenye salamu za asubuhi kwa mwalimu. Lakini mtu akilia huhitaji kuambiwa analia. Yule mzungu anaimba taratibu, sauti inakatika mwishoni mwa mstari kama mtu anayemeza kitu kigumu, na mimi nilikuwa nimeshasikia wazee wa kwetu wakifanya hivyohivyo na nyuzi nane. Niliona ni watu wa ukoo mmoja waliopotezana.

Watu walinicheka. "Huyu mfagiaji anasikiliza nyimbo za ng'ombe," mwenye duka alikuwa akiwaambia wateja. "Muulizeni amesema nini huyo mzungu."

"Amesema ameachwa," nilikuwa nawajibu. Na mara nyingi nilikuwa sijakosea.

Kaseti zilipokuja, watu walizitupa santuri kama maganda. Mimi nikawa nyuma yao naokota. Baa moja pale Otonglo ilikuwa na kantri rundo zima, na mwenye baa alikuwa anaziweka chini ya masufuria ya moto ili meza isiungue. Nilifunga zilizobaki kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na nikatembea kwa miguu naisukuma mpaka mjini, maana kuendesha kungezivunja. Nesi mmoja mzungu alipokuwa anarudi kwao alinipa katoni nzima. Nyumbani kwangu Nyalenda nilizipa kona nzima ya chumba, nimezisimamisha wima kama vitabu, kubwa katika maboksi mawili, ndogo katika boksi moja. Nilizioshea maji vuguvugu na sabuni kidogo, nikazifuta na fulana kuukuu. Santuri inataka kivuli. Ukiisahau dirishani saa sita, saa saba imekuwa chapati. Hilo analijua kila mtu aliyeishi na mimi, na ndugu yangu aliishi na mimi miezi minane akitafuta kazi mjini. Mara ngapi nilimwambia, "Mzee, hamisha hiyo, jua linakuja"? Anajua joto linafanya nini kwa santuri.

Sasa mama. Mama alizaliwa Asembo Bay, akaolewa Seme, akawa anauza samaki mkavu. Lakini watu walimjua kwa kuimba. Walikuwa wanawake saba, yeye ndiye wa kuanzisha, wengine wanaitikia. Harusi bila wao ilikuwa kama mkutano wa chifu. Nilimsumbua mwenye duka muda mrefu awarekodi. Alikuwa ananiambia, "Nani atanunua kina mama?" Siku moja bendi aliyokuwa anaingoja haikutokea, mashine zimeshawashwa, akageuka kwangu kwa hasira: "Haya, wako wapi hao mama zako?"

Walikuwa sokoni, siku ya soko. Walikuja saba na vilemba vyao, mmoja bado ana magamba ya samaki mkononi. Taa nyekundu ikawaka. Mama akaanza.

Katika nyimbo zetu kuna kitu ambacho asiye wa kwetu anaweza kufikiri ni kosa. Katikati ya wimbo mtu anasimamisha muziki, ajisifu, au amsifu mtu wake, kisha wimbo unaendelea. Mwenye duka alijua, akawaambia, nafasi ni moja tu, santuri ni fupi. Basi wimbo ulipofika katikati mama akainua mkono, wenzake wakanyamaza, na akamsifu mtu wake. Alinisifu mimi. Alisema, mimi ni mama wa yule anayefagia nyumba ya nyimbo, wa mwisho tumboni na wa kwanza kunisikia. Kisha akacheka kidogo, kicheko kifupi cha puani, na wimbo ukaendelea. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio. Sijawahi kupewa cheti chochote maishani, lakini hicho nilipewa.

Santuri haikuuzwa. Kila mama alipewa moja, na zile nyingine ziliishia sijui wapi. Mama alipeleka yake nyumbani, ina kidole chake. Nikabeba gramafoni ya betri tukaisikiliza uani. Ilipofika pale pa kusifu, ndugu yangu aliinua kichwa. Wimbo ulipoisha akasema, polepole, "Na mimi?"

Watu wakacheka, wakidhani anatania.

"Wewe nitakuweka kwenye ingine, mwanangu," mama akasema. "Hii imekuwa fupi."

Hakukuwa na nyingine. Mama alianza kuugua, na baada ya masika mawili akafa. Nalisema hili wazi kwa sababu sitaki mtu aseme nimelificha: najua kwamba lilimuuma. Kama mama angenisahau mimi, mimi pia lingeniuma. Lakini lingeniuma mimi mwenyewe, nisingelipeleka jikoni.

Siku ya mazishi niliomba tuipige ile santuri, mama aimbe mara ya mwisho kwenye uwanja wake. Ndugu yangu alikataa mbele ya watu wote.

"Haya ni mazishi ya Kikristo," akasema.

"Na mama alikuwa Mkristo siku aliyoimba," nikamwambia.

"Si hapa kwangu."

Niliirudisha Nyalenda, nikaiweka katika boksi la ndogo, kati ya nyatiti na kodiani. Nilikuwa naipiga mara moja kwa mwaka tu, maana kila unapoipiga sindano inakula kidogo. Nilikuwa namtunza.

Halafu nikaugua mimi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kifua kikuu. Nililazwa, nikapungua mpaka saa ya mkononi ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko. Katika ile wadi kulikuwa na desturi moja: mtu akifa, godoro lake linakunjwa mara mbili na mto unawekwa juu. Kila mgonjwa aliijua ile alama. Ukirudi kutoka msalani ukakuta la jirani limekunjwa, hukuuliza.

Siku moja walinihamisha jengo la nyuma, la watu wa kukohoa, na mfanyakazi alilikunja godoro langu ili apige deki chini. Siku hiyohiyo ndugu yangu alikuja kunitazama, baada ya majuma sijui mangapi. Akaona godoro. Hakumuuliza nesi. Hakumuuliza mtu wa kitanda cha pili, ambaye angemwambia, yuko kule nyuma, utamsikia mwenyewe. Aligeuka mlangoni, akaenda nyumbani, akapiga nduru. Boma lote likalia. Watu wa Asembo wakaitwa.

Na kesho yake, kabla hajautafuta mwili, alikwenda Nyalenda na pikapu na kuchukua kila kitu changu.

Siku ya tatu ndipo binamu zetu wawili walitumwa mochari kunichukua. Mhudumu wa pale alitazama daftari lake na kuwaambia, "Huyu wenu simwoni. Mmejaribu kwa walio hai?" Wakaja wadini, wakanikuta na bakuli la uji. Mmoja alikimbia. Mwingine alishika mlango, akasema, "Yawa! Kumbe unakula!"

Tulicheka. Nakubali, hata mimi nilicheka mpaka nikatema damu. Sikujua kwamba wakati ule nacheka maboksi yangu yako Seme, na kanisani kuna mama kutoka mjini anafundisha kugeuza santuri kuwa vibakuli vya maua, wauze wapate mabati.

Nilipotoka niliomba vitu vyangu. Ndugu yangu alikunja uso wa mtu wa mila. "Mtu akishaliliwa na vitu vyake vikagawanywa, havirudi. Ndivyo ilivyo."

Shangazi yetu alikuwepo, dada wa baba, mmoja wa wale saba, yule wa magamba mkononi. Akamgeukia. "Ndivyo ilivyo wapi? Mimi ni mzee, sijaisikia hiyo. Mtu akililiwa naye yuko hai anapikiwa kuku, anachekwa, anapewa suruali yake. Umeitoa wapi hiyo mila, redioni?"

Kantri zangu zilikwisha zote. Zilikuwa kwenye meza za watu mpaka Kombewa, zimebeba maua ya plastiki na vitana. Niliona mzungu wangu wa gitaa amewekwa viazi mbatata. Hilo nalo ni kosa, na wenye kulifanya ni kina mama wa kanisa, lakini wale waliambiwa mwenyewe amekufa. Siwadai jibu. Walidanganywa kama mimi.

Lakini ile ndogo je?

Siku ile ya njugu nilizimwaga mezani, nikakigeuza kibakuli, nikamwonyesha shemeji kile kidole. Akashika mdomo. Yeye ni mtu mwaminifu, hilo sitamnyima.

"Shemeji, sikuiangalia," akasema. "Niliikuta kabatini imeshakuwa hivi. Sisi tulitaka zile kubwa tu. Ndogo hazifai, zinatoka kama kisosi. Kwetu kanisani hatukupika ndogo hata moja."

"Boksi la ndogo liko wapi?"

Aliingia chumbani, akalivuta kutoka chini ya kitanda chao. Nikalifungua palepale sakafuni. Ndogo zangu zote zilikuwepo. Hakuna iliyopinda. Zimekaa kwa mpangilio wangu, nyatiti, orutu, kodiani, kila moja na mfuko wake wa karatasi. Nikafika mahali pa mama. Mfuko wake ulikuwepo, umesimama kati ya wenzake kama kawaida. Ulikuwa mtupu.

Fikirieni hapo. Mtu mwenye haraka anachukua santuri na mfuko wake. Mtu asiyejua anachukua yoyote, ya juu au ya pembeni. Huyu alipekua mpaka katikati, akaitoa ndani ya karatasi, akaurudisha mfuko mahali pake na kulisukuma boksi chini ya kitanda. Na gramafoni yangu ilikuwa hapohapo kwake, juu ya kabati, ina betri.

Nikamwuliza, "Mzee, ni wewe?"

"Ilichanganyika," akasema.

"Ilichanganyika na nini?"

"Vitu vilikuwa vingi. Ilichanganyika. Kunywa chai."

Nilienda dukani Kisumu kuuliza ule mkanda mkubwa waliorekodia. Mwenye duka sasa anauza kaseti na saa za ukutani. Akaniambia mikanda yote ilifutwa ikarekodiwa mahubiri. Hata huyo namtaja: alifuta wanawake saba bila kutuma mtu awaambie. Nikazunguka kwa wale waimbaji. Mmoja alikuwa ameifanya yake mfuniko wa mtungi, imeliwa na mchanga mpaka haina mstari. Ya yule wa Asembo, wajukuu wake walikuwa wameirusha ziwani wakishindana itaruka mara ngapi. Mwisho nikaenda kwa shangazi. Yake ilivunjika zamani, alikalia. Nikamwomba basi aniimbie, angalau mwanzo tu.

Alifunga macho. Midomo ikatikisika. Nikangoja. Kisha akafungua macho, amefadhaika kama mtu aliyesahau njia ya kwake.

"Mimi ni wa kuitikia, nyathina, mwanangu," akasema. "Wa kuanzisha alikuwa mama yako. Asipoanza, mimi naanzia wapi?"

Miaka imepita. Maneno ninayo yote. Sauti ndiyo imeniponyoka. Nikiyasema maneno yale sasa nasikia sauti yangu, na ile ya puani, kile kicheko, nakitafuta sikipati. Ndugu yangu kila nikimwuliza ana jibu jipya: mambo ya zamani, tusamehe, tunazeeka, watoto wanasikia. Mwaka mmoja alinitumia kuku. Nilimrudisha kuku.

Hajawahi kusema ndiyo, na hajawahi kusema hapana.

Kwa hiyo nakuuliza hapa, ambapo huwezi kuniambia ninywe chai. Kile kibakuli ninacho, nitakuja nacho. Simama pale unaposoma matangazo, au simama uani kwako mbele ya shangazi akiwa bado hai, popote utakapochagua. Sema ni mkono wa nani ulioitoa ile santuri kwenye mfuko wake. Sema kama uliipiga kwanza, kabla ya moto, na kama uliipiga, sema ulifika mpaka pale anaposimamisha wimbo au uliondoa sindano mapema. Kama ulimsikiliza mpaka mwisho, basi wewe ndiye mtu wa mwisho duniani aliyemsikia mama, na una kitu changu kichwani mwako. Nakidai. Nijibu.